MTI WA KRISMASI NA MAPAMBO YAKE

Desturi ya Wadachi, na jinsi iwezavyo kufuatwa Mahoo pasipo gharama

Kila mwaka mwezi wa Desemba uingiapo, maduka ya Mombasa, Voi na Taveta huanza kutundika vitu ving'aavyo: mipira ya plastiki, utepe wa rangi ya dhahabu, na taa ndogo ziwakazo na kuzimika. Watoto watokao sokoni na mama zao husimama mbele ya vitu hivyo wasitake kuondoka. Mzazi mwenye fedha hununua. Mzazi asiye nazo humvuta mtoto wake mkono, na njiani kurudi nyumbani huulizwa swali lisilo na jibu jepesi: "Mama, mbona sisi hatuna mti?"

Watu wengi hudhani kwamba mti wa Krismasi usiopambwa kwa vitu vya dukani si mti wa Krismasi. Mambo sivyo yalivyo. Wale walioianzisha desturi hii, yaani Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, hawakuwa na plastiki wala taa za umeme. Mapambo yao ya kwanza yalitoka shambani, msituni na jikoni: matofaa, kokwa, mabua makavu ya nafaka, mikate midogo ya asali, na nta ya nyuki. Mtu wa Mahoo aliye na migomba, katani, nyasi na udongo hakosi karibu kitu cho chote cha namna hiyo. Habari zifuatazo zaeleza desturi hii ilikotoka, maana yake, na jinsi mapambo yake yanavyoweza kutengenezwa kwa mikono nyumbani.

ASILI YA DESTURI HII

Mahali pamoja pa kale ambapo habari za mti uliopambwa zimeandikwa wazi ni mji wa Strasbourg, ulio leo katika nchi ya Ufaransa, lakini zamani zile ulihesabiwa katika nchi za Wajerumani. Mtu mmoja aliyeandika habari za mji huo mwaka 1605 alieleza kwamba wakati wa Krismasi watu husimamisha miti ya misonobari ndani ya vyumba vyao, na kuitundika maua ya waridi yaliyokatwa kwa karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba, karatasi za kung'aa na sukari.

Matofaa yalikuwa na maana yake. Katika kalenda ya zamani ya Wakristo wa Ulaya, tarehe 24 Desemba, yaani siku ya mkesha wa Krismasi, ilikuwa ni siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa. Siku hiyo watu waliigiza mchezo wa bustani ya Edeni, na katikati ya mchezo palisimama mti mmoja mbichi uliotundikwa matofaa mekundu. Wengi wa wanaochunguza mambo ya kale husema kwamba mti huo wa mchezo ndio uliokuja kuingia majumbani. Basi mpira mwekundu wa plastiki unaouzwa leo dukani ni sanamu tu ya tofaa; na tofaa lenyewe lilikuwa ukumbusho wa bustani ya Edeni.

Mipira ya kioo ilikuja nyuma sana. Ilitengenezwa katika karne ya 19 na mafundi wa vioo wa kijiji cha Lauscha, katika milima ya Thuringia. Kijiji hicho kilikuwa cha watu wanaoishi kwa kazi ya mikono yao, nao waliuza kazi yao hata Marekani. Hali kadhalika katika milima ya Erzgebirge, watu waliokuwa wakichimba madini waliona machimbo yanapungua. Ndipo wakashika kisu na mti, wakachonga malaika, askari na wanyama wadogo, kama Wakamba wanavyochonga twiga na vifaru. Mapambo ya Krismasi ya Wajerumani, basi, kwa sehemu kubwa ni kazi ya watu wa kawaida wa mashambani na milimani, si kazi ya matajiri.

Mfano mwingine ni wa mchungaji mmoja wa Kilutheri katika mji wa Hamburg, jina lake Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa na nyumba ya kulea watoto maskini. Yasemekana watoto wale walimsumbua kila siku kwa kumwuliza zimesalia siku ngapi mpaka Krismasi. Mwaka 1839 akachukua gurudumu kuukuu la gari, akasimamisha juu yake mishumaa midogo na mikubwa, akawa akiwasha mmoja kila siku mpaka siku yenyewe ikafika. Gurudumu hilo la watoto maskini ndilo asili ya shada la majani mabichi na mishumaa minne ambalo leo huonekana makanisani mengi katika majuma manne ya kungojea Krismasi.

KWA NINI MTI MBICHI?

Mtu aliyezaliwa Mahoo, ambako migomba hukaa katika hali ya kijani mwaka mzima kwa sababu ya maji ya chemchemi na mifereji, aweza kuuliza: "Kuna ajabu gani katika mti mbichi?" Jibu ni kwamba katika Ujerumani mwezi wa Desemba ni wakati wa baridi kali. Jua huchelewa kuchomoza na huzama mapema, katika saa kumi za alasiri. Miti mingi hupukutisha majani ikabaki fito tupu. Miongoni mwa hiyo misonobari husimama na majani yake mabichi kana kwamba haikusikia habari ya baridi. Kwa hiyo watu wakaufanya mti huo kuwa ishara ya uzima usiokoma, na mishumaa wakaifanya ishara ya nuru ingiayo gizani.

Mwenyeji wa Taita Taveta hana haja ya kwenda Ulaya ili afahamu jambo hili. Na asafiri kutoka Mahoo kwenda Voi wakati wa kiangazi kikali. Njia nzima ataona nyika ya rangi ya majivu, mibuyu iliyo uchi na vichaka vilivyokauka. Halafu akiona mti mmoja wa kijani umesimama karibu na mto, moyo wake hufurahi kabla hajafikiri sababu. Furaha hiyo ndiyo waliyokuwa nayo Wajerumani walipouona msonobari katika theluji. Maana ni ile ile. Kilichobadilika ni adui tu, kule ni baridi na huku ni ukame.

DESTURI ILIVYOSAFIRI

Wako wasemao kwamba mti wa Krismasi ni desturi ya Waingereza. Lakini Waingereza nao waliipokea kwa Wajerumani. Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu, aliyezaliwa Ujerumani, alisimamisha mti uliopambwa huko Windsor mwaka 1800. Hata hivyo desturi haikuenea mpaka mwezi wa Desemba 1848, gazeti moja la London lilipotoa picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert aliyekuwa Mjerumani, na watoto wao, wakiwa wameuzunguka mti wenye mishumaa. Watu wengi walioiona picha ile walitaka kufanya vivyo hivyo, na katika miaka michache desturi ikaenea Uingereza na Marekani.

Mwaka huo huo wa 1848 una sifa nyingine katika sehemu hizi. Tarehe 11 Mei Mjerumani mmoja, Johannes Rebmann, aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha CMS, alipita katika nchi ya Taita na kuuona mlima Kilimanjaro wenye theluji kileleni. Alipopeleka habari hizo Ulaya, baadhi ya wataalamu walikataa kabisa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na mstari wa ikweta. Watu wa Mahoo, ambao huuona mlima huo upande wa kaskazini magharibi asubuhi isiyo na mawingu, hawakuhitaji kuambiwa.

Baadaye CMS walifanya kazi Moshi, lakini mwaka 1892 walilazimika kuondoka huko kwa ajili ya utawala wa Kijerumani, wakahamia Taveta. Hapo Taveta walitoa gazeti dogo liitwalo Taveta Chronicle, lililoanza mwaka 1895, nalo ni mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa katika nchi ya Kenya. Upande wa pili wa mpaka, mwaka 1893, waliingia Walutheri wa Leipzig, wakahubiri miongoni mwa Wachaga. Hivyo nchi ndogo ya Taveta ilikaa katikati ya makanisa mawili: moja lenye desturi za Uingereza na moja lenye desturi za Ujerumani.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa Agosti 1914 askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakaishika Taveta, wakaikalia mpaka mwezi wa Machi 1916. Reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa haraka ili kupeleka majeshi ya Waingereza. Watu wengi walikufa katika mapigano ya kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, na ya vilima vya Latema na Reata mwezi uliofuata. Krismasi mbili, ya 1914 na ya 1915, zilipita Taveta ikiwa mikononi mwa jeshi la Wadachi. Makaburi ya askari yako Taveta hata leo, na wasafiri huyatembelea.

Habari hizi zimetajwa ili msomaji apime jambo moja. Majeshi yale mawili yaliyopigana Salaita yalikuwa yakitumikia mataifa mawili yaliyopamba mti ule ule na kuisherehekea siku ile ile. Vita vilikwisha, mti ukabaki. Yeye asimamishaye mti wa Krismasi leo Mahoo hafuati bendera ya mtu ye yote. Desturi njema ni kama mbegu ichukuliwayo na ndege: haiulizi mpaka uko wapi, bali huota penye udongo wa kuipokea.

KUCHAGUA MTI

Jambo la kwanza ni mti wenyewe. Katika Kenya watu wengi hutumia msaipresi, ambao majani yake hunukia vizuri na haukauki upesi. Katika vilima vya Taita, kandokando ya Wundanyi, misaipresi na misonobari ya kigeni ilipandwa kwa wingi, na hustawi kwa sababu ya ubaridi na ukungu. Mahoo ni nchi ya chini yenye joto. Huko mvinje hufaa zaidi. Majani yake membamba yafanana na ya msonobari, na una vitunda vidogo vigumu viwezavyo kutumiwa kama mapambo.

Si lazima kukata mti mzima. Tawi moja lililonyooka, lililosimamishwa katika debe lililojaa mchanga na kumwagiwa maji kila siku, latosha nyumba ya kawaida. Mwenye boma la misaipresi hana budi kulipunguza mara kwa mara, na matawi hayo yangetupwa au kuchomwa. Kumwomba jirani tawi ni jambo jepesi. Kulichukua bila kumwomba ni wizi, hata kama ni kwa ajili ya Krismasi.

Njia iliyo bora kupita zote ni kununua mche ulio hai, kuukuza katika debe lenye matundu chini, kuupamba kwa sikukuu, na kuupanda ardhini mvua za masika zianzapo mwezi wa Machi. Mtu akifanya hivyo kila mwaka tangu mtoto wake azaliwe, mtoto akimaliza shule ya msingi watakuwa na safu ya miti. Lakini mche usipandwe karibu na mahindi wala maharagwe, kwa kuwa kivuli chake na mizizi yake huyanyima mazao mwanga na maji.

Kuna miti isiyofaa kuguswa kabisa. Misitu ya asili iliyosalia katika vilima vya Taita, kama vile Ngangao, Mbololo na Chawia, ni vipande vidogo tu vya msitu mkubwa wa zamani. Ndani yake wamo ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine po pote duniani, na humo hutoka chemchemi zinywewazo na watu na mifugo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yakataza kukata mti katika msitu wa serikali pasipo kibali. Hata kama sheria isingekuwapo, akili ingekataza: mti uliokua miaka hamsini usikatwe ili kupamba siku kumi na mbili.

NYOTA ZA MABUA

Pambo la Kijerumani linalopendwa sana ni nyota iliyotengenezwa kwa mabua makavu ya ngano. Huko husemwa kwamba bua ni ukumbusho wa majani makavu ya horini, ambamo Mtoto Yesu alilazwa, na nyota ni ile iliyowaongoza mamajusi. Kwa hiyo pambo moja lahubiri mambo mawili. Zaidi ya hayo, bua ni kitu kilichobaki baada ya mavuno. Hakuna mtu mkulima aliye maskini hata akalikosa.

Mahoo mabua ya mpunga au nyasi ndefu za kuezekea zafaa sana. Kazi yake hufanywa hivi:

Kwanza, huchaguliwa mabua yaliyonyooka, yasiyovunjika, na kukatwa kati ya fundo na fundo ili fundo lisibaki.

Pili, mabua hulowekwa katika maji ya vuguvugu kwa muda wa nusu saa hivi. Bua kavu hupasuka. Lililolowa hutii mkono.

Tatu, kila bua hupasuliwa upande mmoja kwa ncha ya kisu, likafunuliwa na kunyooshwa kwa pasi ya makaa isiyo moto sana. Pasi ikizidi kidogo moto, bua hugeuka rangi ya kahawia. Na wenye ujuzi hufanya hivyo kwa makusudi ili wapate nyota za rangi mbili.

Nne, hukatwa vipande vinne vya urefu mmoja, kadiri ya kidole cha kati. Viwili hupishanishwa kama msalaba, na viwili vingine vivyo hivyo. Msalaba wa pili huwekwa juu ya ule wa kwanza, lakini ukiwa umegeuzwa kidogo, hata zikaonekana ncha nane.

Tano, mtu hushika katikati kwa kidole gumba, akapitisha uzi juu ya kipande kilicho juu, chini ya kilicho chini, juu tena, chini tena, mpaka amezunguka nyota nzima. Kisha hukaza na kufunga fundo nyuma, akiacha uzi mrefu wa kutundikia. Mwisho, ncha hukatwa kwa mkasi zikawa kali kama mkuki au zenye pembe mbili kama mkia wa mbayuwayu.

Nyota ya kwanza huwa imekwenda upande. Ya tatu au ya nne huwa nzuri. Mtoto wa miaka minane aweza kujifunza kazi hii katika alasiri moja, nayo humfundisha hesabu ya pembe pasipo yeye kujua kwamba anafundishwa. Nyota zikihifadhiwa katika kopo kavu, mbali na panya, hudumu miaka mingi.

MAPAMBO MENGINE

Matunda ya misonobari. Haya huokotwa chini ya miti ya vilimani, na mwenye jamaa Wundanyi aweza kuagiza kikapu. Yakiwa mabichi huwa yamejifunga. Yakianikwa juani siku chache hufunguka magamba yake kama ua la mti. Ncha za magamba zikipakwa chokaa kidogo, huonekana kama zimeangukiwa na theluji. Hutundikwa kwa uzi wa katani.

Kokwa. Wajerumani walikuwa wakizifunga kokwa kubwa katika karatasi ya dhahabu. Mahali pake karanga zenye maganda zafaa. Manjano ya jikoni ikichanganywa na uji mwembamba wa unga wa muhogo hutoa rangi nzuri ya dhahabu. Karanga huchovywa humo na kuanikwa, kisha hufungwa mbili mbili kwa uzi.

Malaika wa katani. Mashamba ya mkonge yamekuwako sehemu za Taveta na Voi kwa muda mrefu, na katani si kitu kigeni kwa mtu ye yote. Fungu la nyuzi zilizochanwa hukunjwa katikati, likafungwa chini kidogo ya mkunjo ili kifanyike kichwa. Nyuzi chache hutengwa huku na huku, zikafungwa ziwe mikono, na zilizobaki huachwa zitawanyike kama kanzu. Mabawa hukatwa kwa maganda makavu ya mgomba, ambayo yana rangi mbalimbali, toka nyeupe hata ya kahawa.

Vinyago vya udongo. Katika vitabu vya Ulaya hutajwa mapambo ya unga uliokandwa kwa chumvi nyingi na kuokwa hata ukawa mgumu kama mti. Katika nchi ambayo mvua hukosa mara kwa mara, si jambo jema kuuchezea unga ambao mtu angeweza kula. Udongo wa wafinyanzi hufaa zaidi. Hukandwa vema, hutandazwa kadiri ya unene wa ganda la kiberiti, na kukatwa kwa kifuniko cha kopo katika umbo la mwezi, ndege au kengele. Tundu la uzi litobolewe kabla udongo haujakauka. Uanikwe kivulini siku tatu. Ukianikwa juani hupasuka.

Matunda na viungo. Badala ya matofaa, ndimu na machenza madogo hupendeza. Wazungu wa zamani walikuwa na desturi ya kuchomeka karafuu katika ngozi ya chungwa mpaka likafunikwa lote; likikauka hunukisha nyumba nzima kwa majuma. Karafuu hizo zilikuwa ghali kwao kwa sababu zilitoka mbali. Mtu wa pwani yetu huzinunua kwa bei nafuu, maana zatoka Unguja na Pemba.

Mikate ya asali. Mji wa Nürnberg una sifa ya mikate midogo ya asali, tangawizi, mdalasini na karafuu, itundikwayo mtini kwa uzi. Mama apikaye mahamri hatashindwa na mikate hiyo. Lakini itundikwe siku yenyewe ya Krismasi, si kabla, kwani sisimizi nao hupenda sikukuu. Katika Ujerumani, siku ya kuushusha mti, watoto waliruhusiwa kuutikisa na kula kila kilichoanguka. Hiyo ni desturi inayostahili kuigwa kuliko zote, maana pambo la namna hiyo halibaki takataka, huishia tumboni.

SUMU NA MOTO

Yapo mambo mawili ambayo wazazi hawana budi kuyaangalia sana.

La kwanza ni mbegu. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ziitwazo tipitipi, hupendeza mno zikitungwa kama ushanga. Lakini zina sumu kali, na mtoto aliyezitafuna aweza kufa. Mbegu za mbono nazo ni hivyo hivyo. Zisitumiwe katika nyumba yenye watoto. Mbegu za maboga na mahindi ya rangi hupendeza vile vile.

La pili ni moto. Picha za zamani zaonyesha mishumaa ikiwaka juu ya matawi, na Wajerumani wengine hufanya hivyo hata sasa. Lakini wao huweka ndoo ya maji karibu, na mtu mzima hukaa macho mpaka mshumaa wa mwisho umezimwa. Hata kwa tahadhari hizo nyumba nyingi za Ulaya zimeteketea. Msaipresi una mafuta ndani ya majani yake. Ukikauka huwaka kama petroli. Nyota za mabua, katani na maganda ya mgomba ni kuni tupu. Pamba itumiwayo kama theluji ni utambi. Katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi au makuti, mshumaa mmoja mtini waweza kuifanya sikukuu kuwa msiba. Mwenye kutaka nuru na aweke taa yenye kioo juu ya meza mbali na mti, au atumie taa ndogo ya nguvu za jua. Nuru itaonekana vile vile, na watu watalala salama.

WASIOUKUBALI MTI

Si Wakristo wote waipendao desturi hii. Wako wasemao kwamba mti haumo katika Injili, na kwamba watu wa kale wa Ulaya waliiheshimu miti kabla ya kuhubiriwa dini. Kwa hiyo wao hawausimamishi. Usemi wao kwamba haumo katika Injili ni kweli. Wenye kuusimamisha hujibu kwamba hawauabudu, bali huutumia kama kitabu cha picha cha kuwafundishia watoto: tofaa kwa habari ya Adamu, bua kwa habari ya hori, nyota kwa habari ya mamajusi. Pande zote mbili zina watu waaminifu. Katika kijiji ambamo Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri, Waadventista na Waislamu huteka maji katika mfereji mmoja, yafaa kila mtu afuate dhamiri yake bila kumcheka jirani.

THAMANI YA KAZI YA MIKONO

Tuseme yupo mama mmoja wa Mahoo mwenye watoto wanne. Juma moja kabla ya Krismasi awatuma wawili wakaombe tawi kwa jirani, na wawili wakakate nyasi kandokando ya mfereji. Jioni wote waketi ukumbini. Babu, ambaye hajapata kuona nyota ya mabua maishani mwake, lakini amesuka mikeka na kamba tangu utoto, achukua uzi na kumwonyesha mjukuu jinsi ya kukaza fundo lisilofunguka. Nyanya achana katani. Hakuna aliyetumia hata shilingi kumi. Mtoto yule aliyeuliza, "Mbona sisi hatuna mti?" sasa haulizi tena. Yu kazini, na kesho atawaonyesha wenzake.

Hilo ndilo lililokuwa katika nyumba za mashambani huko Ujerumani zamani. Majuma ya kungojea Krismasi yalikuwa majuma ya kazi za mikono za jioni, wakubwa na wadogo pamoja, kwa sababu nje kulikuwa na baridi na hakuna aliyeweza kwenda shambani. Mti wenyewe ulikuwa matunda tu ya jioni hizo. Mtu anunuapo mapambo yote dukani katika dakika tano, hupata mti lakini hupoteza jioni.

Wazee wa pwani walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mithali hii haikatazi kujifunza kwa wengine, hukataza kuondoka bandarini kwa kutazama bahati isiyo yako. Nyota ya plastiki iliyo katika duka la mjini ni ya mwenye duka. Nyota ya nyasi, iliyofungwa kwa uzi wa katani na mkono wa mtoto wa Mahoo, hiyo ni yake mwenyewe, na kwa hiyo aweza kusafiri salama.